Muuguzi Anayetaka Kufundisha: Asome Uzamili wa Kliniki au wa Elimu ya Uuguzi?

Muuguzi mwenye shahada ya kwanza akishaamua kuingia kwenye ualimu, mjadala hauchelewi kuanza. Asome uzamili wa fani ya kliniki, kama vile wagonjwa mahututi, ukunga au afya ya akili? Au aende moja kwa moja kwenye elimu ya uuguzi? Na daima yupo mwenzake atakayemshauri achukue MPH (uzamili wa afya ya jamii), eti ndiyo yenye soko.

Jina la shahada halisaidii sana kuamua. Kinachosaidia ni kupata mtaala wenyewe, kusoma kozi moja baada ya nyingine pamoja na krediti zake, na kujiuliza kozi hii itaniwezesha kufanya kazi gani ambayo leo siiwezi. Ukifanya hivyo, tofauti ya njia hizi inaonekana wazi, na tunaitaja mapema: kwa mazingira ya Tanzania na Kenya, muuguzi ambaye bado hajakaa sana wodini afuate kliniki kwanza, na yule ambaye tayari ni mkufunzi chuoni mwenye mizizi kwenye fani yake afuate elimu. Mbinu za kufundisha unaweza kuziongeza baadaye kwa kozi fupi na kwa gharama ndogo. Ukomavu wa kliniki hauna kozi fupi.

Ukubwa wa kazi yenyewe

Nchini Tanzania mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) unahesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, na uzamili wa masomo ya darasani pamoja na tasnifu unaanzia krediti 180. Hizo ni saa 1,800. Zigawe kwa mihula minne ya wiki 17, unapata kama saa 26 na nusu kila wiki, bila likizo na bila msiba. Ndani ya saa hizo kuna mihadhara, kujisomea, wodi, na utafiti. Anayedhani atasoma huku akishika zamu kamili za usiku na mchana apige hesabu hii kabla ya kuomba nafasi. Kwa mtumishi wa umma, ruhusa ya masomo ya mwajiri iwe mkononi kwa maandishi, maana ruhusa ya mdomo haina mtu wa kuisimamia siku mkuu wa kitengo anapobadilishwa.

Njia zote mbili zina kozi za pamoja: nadharia za uuguzi, mbinu za utafiti, takwimu, uongozi. Hapo hakuna cha kuchagua. Tofauti iko kwenye ile nusu nyingine.

Uzamili wa kliniki unafundisha nini hasa

Tuchukue wagonjwa mahututi, fani ambayo MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili) inaifundisha pamoja na majeruhi. Kozi nzito ni fiziolojia ya juu na ya magonjwa, famakolojia, uchunguzi wa mgonjwa, kisha mazoezi marefu ya ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), chumba cha dharura na wodi ya upasuaji. Mwanafunzi anatarajiwa aache kufuata maagizo na aanze kuelewa maagizo yalikotoka.

Mfano mmoja. Mama mwenye urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 85 amewekwa kwenye mashine ya kupumulia kwa sababu mapafu yamejaa maji na oksijeni haipandi. Daktari kijana ameandika mililita 510 kwa kila pumzi, yaani 6 mara kilo zake 85. Muuguzi wa shahada ya kwanza ataweka 510. Wa uzamili anapaswa kushtuka. Mililita 6 kwa kilo, kiwango kinachotumika kulinda mapafu tangu utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2000, kinakokotolewa kwa uzito unaokadiriwa kutokana na urefu, kwa kuwa mapafu hayaongezeki ukubwa mtu anaponenepa. Kwa mwanamke chukua 45.5, jumlisha 0.91 mara urefu uliozidi sentimita 152.4. Hapa ni 45.5 jumlisha 6.9, yaani kilo 52.4. Mara 6 inakuja kama mililita 314. Zile 510 zingekuwa zinampasua mapafu pole pole huku namba za oksijeni zikionekana nzuri. Kwa mwanaume unaanza na 50 badala ya 45.5.

Mwalimu aliyepitia hesabu ya namna hiyo akiwa kando ya kitanda huifundisha tofauti na aliyeisoma kwenye slaidi. Anajua pia mwanafunzi atakwama wapi. Kosa la kawaida ni kupima mgonjwa aliyelala kwa kukisia urefu, halafu hesabu yote inayofuata inakuwa sahihi juu ya namba ya uongo. Utepe wa kupimia uwe mfukoni.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba mazoezi ya wodini yanaweza kuliwa na kazi. Mwanafunzi wa uzamili akifika na sare yake, mwenye uzoefu, na wodi ina wagonjwa 40 na wauguzi wawili, hugeuzwa mtu wa zamu ndani ya siku tatu. Saa zinajazwa kwenye kitabu cha kumbukumbu, saini zinapatikana, lakini hakuna aliyemsimamia wala kumhoji kwa nini alifanya alivyofanya. Kabla ya kujiunga, uliza nani hasa husimamia wanafunzi wa uzamili wodini, na kama naye ana uzamili wa fani hiyo. Jibu likiwa "yule sista wa zamu", hiyo ni ishara.

Udhaifu wa pili: ualimu ndani ya mitaala mingi ya kliniki ni kozi moja tu, tena fupi. Unahitimu ukijua mashine ya kupumulia lakini hujawahi kutunga mtihani unaopima kitu.

Uzamili wa elimu ya uuguzi unafundisha nini hasa

Wapo wanaodhani hii ni njia nyepesi kwa kuwa haina ICU. Wanakosea, ingawa kweli kuna vyuo vinavyoifundisha kwa wepesi. Ikifundishwa vizuri, ina kazi za ufundi ambazo wakufunzi wengi huzifanya kwa mazoea miaka nenda rudi bila kuambiwa kwamba wanakosea.

Kwanza ni mtaala: kutoka kwenye umahiri unaotakiwa kwa mhitimu, kurudi nyuma hadi kwenye kozi, saa, njia ya kufundishia na njia ya kupimia. Vyuo vilivyo chini ya NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) vinaendeshwa kwa mfumo wa umahiri, kwa hiyo mkufunzi wa ngazi ya 5 au ya 6 (cheti na stashahada) asiyejua kusoma mtaala wa namna hiyo hufundisha kitabu badala ya mtaala.

Pili ni upimaji, na hapa ndipo thamani kubwa ya njia hii ilipo. Tuseme kozi ina saa 40 na mtihani una maswali 60. Malaria kwa mjamzito imefundishwa saa 4, yaani asilimia 10, basi inastahili maswali 6, na kati ya hayo unaamua mangapi yapime kukumbuka na mangapi yapime kutumia maarifa kwa mgonjwa. Jedwali hilo la mgawanyo linatengenezwa kabla ya kuandika swali la kwanza. Bila jedwali, mtunzi huuliza anachokipenda. Ndiyo maana kuna mitihani yenye maswali tisa ya historia ya uuguzi na moja la kutokwa damu baada ya kujifungua.

Baada ya mtihani kunakuja uchambuzi wa maswali. Darasa la watu 100: chukua 27 wa juu na 27 wa chini kwa alama za jumla. Swali linahusu dozi ya oksitosini kwa mama mara mtoto anapotoka. Tuseme 24 wa juu na 12 wa chini wamepata. Wepesi wa swali ni 36 gawa kwa 54, sawa na 0.67, unafaa. Uwezo wa kutenganisha ni 24 toa 12, gawa kwa 27, sawa na 0.44, mzuri sana. Sasa chukua matokeo mengine ya swali hilo hilo: 9 wa juu, 15 wa chini. Unapata hasi 0.22, maana yake wanaojua ndio wanaokosa. Kabla ya kulaumu darasa, angalia ufunguo wa majibu. Yawezekana umenakiliwa kutoka notsi za zamani zenye uniti 5, na waliosoma mwongozo wa WHO wakajibu 10. Swali la namna hiyo hurekebishwa alama kabla matokeo hayajabandikwa. Chuo kisichofanya uchambuzi kingewafelisha waliosoma.

Hali kadhalika alama ya kufaulu. Kushika 50 kwa kila mtihani ni mazoea tu. Kwa njia ya Angoff, jopo la walimu hupitia kila swali na kukadiria uwezekano wa mwanafunzi mwenye umahiri wa chini kabisa unaokubalika kulipata, wastani ndio unakuwa mstari. Mtihani mgumu unaweza kuwa na mstari wa 46, mwepesi ukawa na 63.

Tatu ni OSCE, mtihani wa vitendo wa vituo ulioanzishwa Dundee, Scotland, na Ronald Harden katikati ya miaka ya 1970. Kila chuo cha uuguzi siku hizi kinasema kinafanya OSCE. Kuipanga ni hesabu. Vituo 12 vya dakika 5 na dakika moja ya kuhama vinachukua dakika 72 kwa mzunguko, na mzunguko mmoja unapitisha wanafunzi 12. Ukiwa na wanafunzi 96 unahitaji mizunguko minane, saa 9 na dakika 36 bila mapumziko. Wasahihishaji wa saa ya nane hawatoi alama kama wa saa ya kwanza. Dawa ni kuendesha njia mbili sambamba: mizunguko minne, saa 4 na dakika 48, lakini sasa unahitaji wasahihishaji 24, na vifaa vya kila kituo viwe viwili vinavyofanana. Vituo vyenye jina moja lakini mwanasesere mmoja anatoa mapigo ya moyo na mwingine hatoi, hiyo ni mitihani miwili tofauti. Na waliomaliza wasikutane na wanaosubiri, hata chooni.

Nne ni kufundisha kwenyewe: mazoezi ya somo dogo la dakika 10 mbele ya wenzako, kurekodiwa, kujitazama, kurudia. Halafu mazoezi ya ualimu chuoni kwa wiki kadhaa. Hapa ndipo njia hii hubomoka ikiendeshwa kiholela. Mwanafunzi hupelekwa chuoni, anakabidhiwa rundo la karatasi za kusahihisha, anarudi na barua ya kumaliza. Hakuna aliyekaa nyuma ya darasa kumtazama. Uliza idadi ya masomo utakayotazamwa ukifundisha na fomu itakayotumika. Pungufu ya matatu ni kiini macho.

Na kasoro kubwa zaidi haimo ndani ya mtaala. Muuguzi aliyetoka wodini mapema na kuchukua uzamili wa elimu peke yake hufika mahali anajua kupima kila kitu ila hajui vizuri kile anachokipima. Wanafunzi wa mwaka wa tatu hulinusa hilo siku ya kwanza wodini.

Kwa ufupi, ubavu kwa ubavu

| | Kliniki | Elimu ya uuguzi | MPH |
|---|---|---|---|
| Kozi zinazobeba uzito | Fiziolojia ya magonjwa, famakolojia, uchunguzi wa mgonjwa, mazoezi ya fani | Mtaala, upimaji, mbinu za kufundisha, mazoezi ya ualimu | Epidemiolojia, takwimu, sera na mifumo ya afya |
| Mahali pa mazoezi | Wodi na ICU | Darasani, maabara ya stadi, wodi ya kufundishia | Wilayani au kwenye mradi |
| Utakachofundisha kwa kujiamini | Fani yako | Kozi nyingi za msingi, ukiwa na uzoefu wa wodi | Afya ya jamii, utafiti |
| Panapoharibika | Kugeuzwa mtu wa zamu | Mazoezi ya ualimu bila msimamizi | Kuikuta ajira ya ualimu inadai uzamili wa uuguzi |

MPH haihitaji maneno mengi. Ni shahada nzuri kwa anayetaka miradi, halmashauri au utafiti wa jamii. Kwa anayetaka kufundisha uuguzi ni njia ya kuzunguka, kwani idara za uuguzi zinapotangaza kazi hutaja uzamili wa uuguzi na mara nyingi fani kabisa.

Tasnifu: mahali miaka miwili inapogeuka minne

Kozi za darasani watu wengi humaliza kwa wakati. Wanaokwama hukwama kwenye utafiti, na kila njia ina shimo lake.

Kwenye kliniki shimo ni sampuli. Mwanafunzi anachukua fomula ya Cochran kama ilivyo kwenye tasnifu ya mtangulizi wake: 1.96 kwa kipeo cha pili, mara 0.5 mara 0.5, gawa kwa 0.05 kwa kipeo cha pili, anapata 384. Anaandika atahoji wauguzi 384 wa ICU. Hospitali yote ina 120. Bodi ya maadili inarudisha pendekezo, mwezi umeenda. Alichotakiwa kufanya ni kurekebisha kwa idadi ndogo ya watu: 384 ÷ (1 + 383/120), inayotoa 92. Ukitegemea kumi katika mia hawatarudisha dodoso, gawa 92 kwa 0.9, unahitaji kugawa madodoso 103. Kwa watu 120, hata kuwahoji wote si vibaya.

Kwenye elimu shimo ni lile jaribio la kabla na baada. Wanafunzi 30 wanapewa maswali, wanafundishwa kwa mwanasesere, wanapewa maswali yale yale, alama zinapanda, hitimisho linaandikwa kwamba mwanasesere anafaa. Mtahini wa nje anauliza kama zisingepanda hata kwa ubao na chaki, au kwa sababu tu maswali wameshayaona. Bila kundi la kulinganisha huna jibu. Kundi lisilopata mwanasesere kwanza na likampata baadaye linatatua tatizo hilo na pia halimdhulumu mtu.

Kuna la maadili pia, nalo ni la njia hii hasa. Mkufunzi anayetafiti wanafunzi wake mwenyewe hawezi kuwaomba ridhaa yeye. Nani atamkatalia mwalimu anayesahihisha mtihani wake? Mtu mwingine asiyewafundisha ndiye achukue ridhaa, na orodha ya waliokubali isimfikie mwalimu mpaka alama zifungwe. Ukiliandika hilo kwenye pendekezo tangu mwanzo umeokoa raundi nzima ya masahihisho.

Vibali navyo vipangiwe muda. Tanzania Bara ni bodi ya maadili ya chuo au NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), kisha barua ya hospitali. Zanzibar ni ZAHRI, taasisi yake ya utafiti wa afya. Kenya ni kamati ya maadili iliyosajiliwa, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), halafu kaunti na hospitali. Kila kibali kinadai kile kilichotangulia, hivyo huwezi kuviomba kwa pamoja. Anayesubiri mwaka wa pili uanze ndipo aandike pendekezo ameshachelewa. Mada ichaguliwe muhula wa kwanza, na ichaguliwe kwa kuangalia msimamizi aliyepo. Mada nzuri isiyo na msimamizi wa fani hiyo idarani itakufia mikononi.

GPA, jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa

Kabla ya kubishana kliniki au elimu, chukua transkripti ya shahada ya kwanza. Matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vya umma Tanzania kwa nafasi ya mhadhiri msaidizi hudai GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili, kwa kipimo cha 5. Shahada za afya zisizo na madaraja hupimwa kwa wastani wa herufi, kwa hiyo soma tangazo lenyewe. Aliyehitimu na 3.4 hawezi kuirekebisha kwa uzamili wa 4.6. Mlango huo umefungwa upande wa nyuma yake.

Haina maana asisome. Ina maana lengo libadilike: vyuo vya kati vinavyotoa stashahada, ualimu wa kliniki ndani ya hospitali za rufaa, kitengo cha mafunzo kazini. Na lengo likibadilika, uchaguzi nao hubadilika. Kwa mkufunzi wa chuo cha kati, anayefundisha kozi nne au tano tofauti na kutunga mitihani kila muhula, elimu ya uuguzi inalipa kila siku. Kwa mkufunzi wa wodini, kliniki inalipa zaidi.

Mwenye 3.9 anayelenga chuo kikuu naye ana hesabu yake. Nafasi hutangazwa kwa fani: ukunga, watoto, wagonjwa mahututi, afya ya akili. Uzamili wa fani unaingia moja kwa moja. Uzamili wa elimu ya taaluma za afya kwa ujumla, kama ule wa Makerere, ni mzuri sana kwa maarifa, lakini uliza kwanza idara unayoilenga itakuweka kwenye kiti gani. Kenya pana ngazi nyingine: vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014 viliiweka nafasi ya mhadhiri kwenye uzamivu, hivyo chagua uzamili wenye tasnifu halisi inayoweza kukubeba hadi PhD, si ule wa masomo na mradi mdogo.

Kuunganisha zote mbili bila kulipa mara mbili

Kwa wengi jibu zuri ni uzamili wa kliniki pamoja na mafunzo ya ualimu yanayotolewa nje ya uzamili. Arusha kuna CEDHA, kituo kinachojulikana kwa kuwanoa walimu wa vyuo vya afya katika mbinu za kufundisha. Kenya, KMTC (chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba) ina stashahada ya juu ya elimu ya tiba, na wakufunzi wengi wa vyuo vya afya wamepitia huko. Ada na muda wake ni sehemu ndogo ya uzamili wa pili. Mpangilio ukiwa wa kinyume, yaani elimu kwanza halafu utafute kliniki, utakuta kozi fupi za ICU zinakupa cheti tu, hazikupi mwaka wa kusimama kando ya wagonjwa chini ya msimamizi.

Uzamili wa elimu ya uuguzi wa mtandaoni kutoka nje unavutia kwa kuwa huachi kazi. Mambo mawili uyahakikishe: TCU, au mamlaka husika ya nchi yako, inaitambua shahada ya chuo hicho kwa njia hiyo ya kusoma, na mazoezi ya ualimu yatafanyika wapi, kwa usimamizi wa nani. Programu isiyo na mazoezi ya kutazamwa ukifundisha inakupa nusu ya kwanza tu ya kazi tuliyoieleza.

Kwa walioko Marekani

Huko mizani inabadilika, na ushauri wetu wa kliniki kwanza haukai vile vile. Uzamili wa uuguzi wa mkondo wa elimu ni njia ya kawaida, na mwongozo wa AACN (chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani) wa 2011 uliutaka ubebe kozi tatu za juu ambazo kwa Afrika Mashariki tunaziona za kliniki: fiziolojia ya magonjwa, famakolojia na uchunguzi wa mgonjwa. Mtaala wa elimu usio na hizo tatu ukimbie. Mwongozo wa 2021 nao umeweka saa zisizopungua 500 za mazoezi katika ngazi ya juu.

Lakini mkondo huo haukupi ruhusa ya kuandika dawa. Tangu makubaliano ya 2008 ya taasisi za uuguzi za huko, wauguzi wanaopewa leseni ya ngazi ya juu ni wa majukumu manne tu: muuguzi tabibu, mtaalamu wa kliniki, mkunga na wa nusukaputi. Anayetaka kutibu na kufundisha aanze na mojawapo ya hayo, kisha aongeze cheti cha baada ya uzamili cha elimu. Mwenye uzamili wa fani nyingine akiwa na krediti tisa za kozi za elimu za ngazi ya uzamili, kwa kawaida kozi tatu, anastahili pia kuomba mtihani wa CNE (cheti cha mwalimu wa uuguzi) wa NLN, shirikisho la taifa la uuguzi, ambao ni maswali 150 kwa saa tatu. Zingatia kwamba krediti yao si yetu. Yao moja ni saa moja darasani kila wiki kwa muhula mzima na saa mbili nyingine za kujisomea, kwa hiyo krediti tisa za transkripti ya Dar es Salaam hazilingani na tisa zao. Zitathminiwe kwanza.

Gharama ina mlango mmoja mzuri. Mkopo wa serikali kuu kwa wanaosomea ualimu wa uuguzi, NFLP, unafutwa hadi asilimia 85 kwa anayefundisha muda wote kwa miaka minne. Unahitaji uraia au ukaazi wa kudumu, hivyo mwenye viza ya mwanafunzi hana nafasi. Na mazoezi wodini yanadai leseni ya RN (muuguzi aliyesajiliwa) ya jimbo, maana yake NCLEX-RN, mtihani wa leseni hiyo, uwe umepita kabla ya maombi, si baada ya kupata nafasi.

Kabla ya kulipa ada ya maombi

Iandikie idara barua pepe fupi. Omba orodha ya kozi zenye krediti. Uliza wanafunzi wangapi wa kundi lililoingia miaka mitatu iliyopita wamehitimu mpaka leo, msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi kwa sasa, na mazoezi husimamiwa na nani. Idara inayojua kazi yake hujibu kwa namba ndani ya wiki. Inayojibu "karibu sana, fomu zipo kwenye tovuti" mwulize mtu aliyehitimu pale, si aliye mwaka wa kwanza, na umwulize jambo moja tu: baada ya kuwasilisha rasimu ya sura ya kwanza, ilimchukua muda gani kurudishiwa na maoni?